Mfumo wa biashara ya dagaa unaoharibika kila ukiguswa: niutupe au niugawe?

SWALI

Kaka mtaalamu, habari za kazi. Nauza dagaa na samaki wakavu hapa Mwanza. Nilianza na meza soko la Mwaloni, Kirumba. Sasa nina ghala hukohuko Kirumba, duka Igoma, duka Geita mjini, na wateja wa jumla wanaochukua mzigo kwenda Tabora na Dodoma. Mfumo wa mauzo nilitengenezewa na kijana mmoja tukiwa bado na duka moja. Umetufaa sana, ila siku hizi ukigusa huku kunaharibika kule. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tulitaka tu kuondoa nauli ya kivuko kwenye gharama ya mzigo wa Geita. Kazi ilichukua wiki tatu, na ripoti za faida za miezi ya nyuma zikabadilika zote. Nataka kufungua Bukoba na Musoma. Kampuni moja imenishauri nitupe mfumo wote, wajenge upya kwa moduli: huduma kumi na mbili zinazojitegemea, kila moja na seva yake, yaani kompyuta yake ya kuiendesha. Kwa bei wanayotaja ningepata Fuso iliyotumika. Je, hizi moduli zinasaidia kweli biashara kukua, au ni maneno ya kuuzia?

Dada yako wa Ilemela

JIBU

Dada, nianze na jibu lenyewe ili ukiitwa sokoni kabla hujamaliza kusoma uwe umelipata. Moduli unazihitaji. Seva kumi na mbili huzihitaji, na mfumo ulionao usiutupe. Hayo ni maamuzi matatu tofauti, na hao waliokushauri wameyafunga furushi moja kwa sababu furushi linauzika kwa bei nzuri kuliko vipande.

Kitu kilichonivuta zaidi katika barua yako ni ile nauli ya kivuko. Mzigo wa Geita ulikuwa ukivuka Kigongo kwa kivuko, daraja likafunguliwa Juni 2025, nauli ikaondoka. Badiliko dogo kabisa. Lakini limechukua wiki tatu, na faida ya miezi iliyopita ikabadilika, wakati miezi hiyo ilishapita na nauli mlishailipa. Bila hata kuuona mfumo wako naweza kukuambia mambo mawili yaliyomo ndani yake.

La kwanza, nauli hiyo imeandikwa sehemu nyingi: kwenye skrini ya kupokea mzigo, kwenye hesabu ya bei ya Geita, kwenye ripoti ya faida, na huenda hata kwenye karatasi anayopewa dereva. Kijana akaifuta hapa, akaisahau pale, akarudi kuifuta, kikaharibika kingine. La pili, na hili ndilo baya zaidi, ripoti yako haisomi gharama iliyoandikwa siku mzigo ulipofika. Kila ukiifungua inapiga hesabu upya kwa kanuni ya leo. Kanuni ikibadilika, ya nyuma nayo yanabadilika. Mhasibu yeyote angelikataa daftari la namna hiyo, ila likiwa ndani ya kompyuta watu hulinyamazia.

Dawa ya yote mawili ni moja. Kuwe na sehemu moja tu ya programu inayojua kupiga hesabu ya kufikisha mzigo, tuiite Usafiri. Magunia 60 yakifika Geita, Usafiri inapiga hesabu mara moja na kuandika: mzigo namba fulani, dizeli kiasi fulani, wapakiaji kiasi fulani, kivuko sifuri, tarehe. Kilichoandikwa hakifutwi. Kukiwa na kosa, sahihisho linaandikwa chini yake, na la mwanzo linabaki likionekana. Anayepanga bei akitaka kujua gharama anaiuliza Usafiri. Ripoti nayo inauliza hapohapo. Hiyo ndiyo moduli, dada. Haihitaji seva yake. Ni sehemu ya programu yenye jambo inalolijua peke yake na mlango mmoja wa kuulizia.

Wazo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta David Parnas aliandika makala kuhusu kigezo cha kugawa programu. Enzi hizo wengi waligawa kwa kufuata hatua za kazi: soma, panga, chapa. Yeye akasema gawa kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila uamuzi ufichwe ndani ya sehemu yake, sehemu nyingine zisiujue. Zaidi ya miaka hamsini imepita na kwa maoni yangu hakijapatikana kigezo kingine cha kukishinda hicho.

Basi tuulize kwa kigezo chake: katika biashara ya dagaa, nini hubadilika, na nani anakibadilisha?

Bei inakwenda na mwezi wa angani. Hili unalijua kuliko mimi: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo kwenye giza mitumbwi inatoka, mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, mzigo unapungua Mwaloni na bei inapanda. Vipimo vinakwenda na mteja. Wa jumla anahesabu magunia, mama wa mtaani Igoma anataka kisado, mwenye mgahawa anataka kilo. Gredi inakwenda na ukaushaji, maana dagaa wa kichanja si sawa na wa mchangani, na walionyeshewa mvua wanaishia kwenye chakula cha kuku. Njia za malipo zinabadilishwa na kampuni za simu na mabenki. Mambo ya risiti yanabadilishwa na TRA. Njia ya Geita imebadilishwa na daraja. Sasa angalia: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilika kwa sababu ya mwenzake. TRA hawaangalii mbalamwezi. Hapo vinapoachana ndipo mipaka ya moduli zako ilipo, na hakuna mtu wa kompyuta aliyehitajika kuivumbua.

Ukisimama Mwaloni asubuhi boti la mzigo likiwa limetia nanga kutoka visiwani, kazi imeshagawanyika mbele ya macho yako. Mpima ana daftari lake, dalali la kwake, mwenye ghala la kwake, na wapakiaji wanahesabu magunia yao wenyewe. Dalali hafungui daftari la ghala akaanza kuandika humo. Anampa mwenye ghala kikaratasi. Kikaratasi kikipotea watagombana, lakini kila mmoja anajua ugomvi uanzie wapi. Programu yako imewachukua watu wote hao ikawapa daftari moja na kalamu moja.

Hebu tulifungue daftari hilo. Mwambie kijana akuonyeshe jedwali la mauzo kwenye hifadhidata. Sitashangaa ukikuta safu zimepangwa hivi: taslimu, mpesa, tigopesa, airtel. Tigo Pesa ilibadilishwa jina mwaka 2024 ikawa Mixx by Yas, lakini safu bado inaitwa tigopesa na mfanyakazi mpya anauliza ni nini. Hiyo ni kero ndogo tu. Kero yenyewe inaanza siku mteja wa Dodoma anaposema atalipa benki. Inabidi iongezwe safu ya tano, kisha kila ripoti iliyokuwa ikijumlisha safu nne ifundishwe kujumlisha tano. Ikisahaulika moja tu, jioni hesabu ya Igoma haikubali, na mtu wa kwanza kushukiwa ni binti wa kaunta.

Likigawanywa vizuri, Mauzo inajua tu kwamba mauzo namba IG-0417 ni kilo 20 na yanadaiwa shilingi fulani. Malipo ina jedwali lake ambamo kila malipo ni mstari: yalikuja kwa njia gani, kiasi gani, saa ngapi, na namba ya muamala. Njia mpya ya malipo inakuja kama mstari mpya, jedwali halibadiliki umbo. Mteja akilipa nusu taslimu na nusu kwa simu, ni mistari miwili. Mauzo ikitaka kujua kama IG-0417 imelipwa, inauliza, inajibiwa imelipwa au bado kiasi fulani. Zaidi ya hapo haina haja ya kujua, na kutokujua huko ndiko kunakoilinda siku kampuni ya simu itakapobadilisha jina tena.

Ghala ni hadithi ileile kwa sura nyingine. Mifumo mingi ya maduka inaweka namba moja: dagaa wa kula, magunia 40. Ukiuza matatu, 40 inafutwa inaandikwa 37. Namba hiyo ina ubaya wake. Haisemi imefikaje hapo, na duka la Geita likiuza wakati intaneti imekatika, namba mbili zinakutana baadaye na moja inaifuta nyingine. Ghala nzuri huandika mienendo: yaliingia 40 tarehe fulani, yakatoka matatu kwa mauzo namba fulani, kilo kadhaa zikapungua kwa kukauka, gunia moja likatoboka njiani. Salio linapatikana kwa kujumlisha. Geita ikirudi hewani inaleta mienendo yake, inaongezwa kwenye orodha, hakuna kinachofutana. Na ule uzito unaopotea kwa kukauka, ambao nadhani sasa mnauficha kwenye "marekebisho ya stoo", utauona kwa jina lake na utajua ni mzigo wa nani unaopungua sana.

Sheria inayoshikilia yote haya ni kwamba kila taarifa iwe na mwenye nayo mmoja. Wengine wanauliza au wanaarifiwa, hawaandiki. Ukiishika sheria hii hata kwenye programu moja iliyo kwenye seva moja, umeshapata sehemu kubwa ya faida inayotangazwa. Ukiivunja, hata seva hamsini hazitakuokoa, kwa sababu zote zitakuwa zinaandika kwenye daftari lilelile kwa mbali.

Kwa kijana wako, hili linawezekana bila kununua kitu. Ndani ya hifadhidata kama PostgreSQL kila moduli inaweza kupewa eneo lake la majedwali na mtumiaji wake mwenye ruhusa zake. Mauzo ikijaribu kuandika ndani ya Ghala, hifadhidata yenyewe inakataa. Mimi napenda mpaka unaolindwa na mashine. Ule unaolindwa na ahadi hudumu hadi siku ya kwanza yenye haraka. Kwenye msimbo, yale maandishi ya programu yenyewe, vilevile, aweke jaribio linalogoma kabisa moduli moja ikichungulia mambo ya ndani ya nyingine. Kampuni ya Kanada, Shopify, ambayo wauzaji wengi duniani wanatumia mfumo wake, ilieleza mwaka 2019 kwamba programu yake kuu iliibakiza moja na kuigawa kwa ndani, sehemu kwa sehemu, badala ya kuipasua. Kama njia hiyo inawatosha wao, dagaa wa Kirumba hawataizidi nguvu.

Sasa zile seva kumi na mbili.

Wazo la huduma ndogondogo zinazojitegemea lilipata umaarufu baada ya wataalamu wa programu James Lewis na Martin Fowler kuliandikia mwaka 2014, na lina mahali pake. Mahali hapo ni kampuni yenye vikosi vingi vya watengenezaji ambao wanakanyagana, kila kikosi kikitaka kutoa matoleo yake bila kusubiri mwenzake. Mtaalamu mwingine wa kompyuta, Melvin Conway, aliliona mapema, mwaka 1968: muundo wa mfumo hufuata muundo wa mawasiliano ya watu wanaoujenga. Wewe una kijana mmoja na pengine msaidizi. Ukimpa huduma kumi na mbili, umempa kazi ya watu kumi na wawili: kuziwasha, kuzilinda, kuzitazama usiku, kuzichukulia nakala rudufu, na kutafuta ni ipi iliyokufa pindi Geita wakipiga simu. Tena ndani ya programu moja, sehemu ikiiuliza nyingine inajibiwa papo hapo. Zikiwa kwenye seva mbalimbali, swali linapita mtandaoni, na mtandao unaweza kuchelewesha, kupoteza, au kupeleka jambo moja mara mbili. Fowler mwenyewe aliandika 2015 kwamba karibu mifano yote ya mafanikio ya huduma ndogondogo aliyoisikia ilianza kama programu moja iliyokuja kuzidi ukubwa. Na mwaka 2023 kikosi kimoja cha Prime Video, huduma ya video ya Amazon, kilieleza kilivyorudisha mfumo wake wa kukagua ubora wa video kutoka vipande vilivyosambaa na kuufanya programu moja. Gharama ya mitambo ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hao ni Amazon, wenye kukodisha seva.

Hata hivyo kuna vitu viwili ningevitoa nje ya programu kuu mapema, maana vinaharibika kwa ratiba za watu wengine.

Cha kwanza ni kuzungumza na mitandao ya simu. Mfuate mteja wako wa Igoma. Amepimiwa kilo 20, analipa kwa M-Pesa, anaweka namba ya siri, pesa inatoka kwake. Ujumbe wa kuthibitisha unachelewa. Binti wa kaunta anaona skrini bado imeandika "inasubiri", foleni inalalamika, anabonyeza tena. Mteja anapokea ombi la pili, na kwa vile amechanganyikiwa analikubali. Amelipa mara mbili, na mfumo wako una mauzo mawili ya mzigo uliotoka mara moja. Dawa yake ni ndogo na kila fundi mzuri anaijua: kila ombi la malipo lipewe namba yake kabla halijatoka, na namba hiyo ifungwe na IG-0417. Ukibonyeza mara kumi, namba ni ileile, na Malipo inakujibu kwamba ombi hili lipo tayari, linasubiri. Uthibitisho ukija mara mbili, wa pili unatambuliwa kuwa ni uleule na hauandikwi. Kijisehemu kinachopokea uthibitisho huo kinatakiwa kiwe macho hata pale programu kuu inapofanyiwa marekebisho, kwa sababu mtandao wa simu haujui kwamba leo mnabadilisha toleo. Hiyo ni sababu halali ya kukipa mahali pake pa kuishi.

Cha pili ni risiti za kodi. Mashine za EFD ziliingia nchini mwaka 2010, na sasa ipo VFD inayofanya kazi hiyo kwa programu badala ya kifaa. Iwe ni sehemu moja tu ya mfumo wako inayojua lugha ya TRA. Siku ukihama kutoka kifaa kwenda VFD, au masharti yakibadilika kwenye bajeti ya Juni, inaguswa hiyo tu. Mauzo haina habari.

Vingine vyote, Ghala, Bei, Mauzo, Madeni, Usafiri, viache ndani ya programu moja. Siku kimoja kitakapolemewa, kwa mfano wateja wa jumla wakianza kuagiza kwa simu zao usiku kucha, utakitoa hicho kimoja, na kwa kuwa mpaka wake ulishachorwa itakuwa kazi ya siku chache.

Umeniuliza kama hili linasaidia kukua. Kwa kesi yako kukua ni Bukoba na Musoma, basi tujaribu hapo. Wafanyabiashara wengi wakifungua duka jipya wanamwambia fundi "ninakilie mfumo". Baada ya maduka manne wana mifumo minne iliyoachana tabia, na bei ya jumla ikibadilika inabadilishwa mara nne. Kwako wewe, Bukoba iwe ni maandishi ndani ya mfumo: jina la duka, herufi za kutangulia namba za mauzo, orodha yake ya bei, vipimo inavyouza, njia za kufikisha mzigo. Mzigo wa Bukoba unaweza kwenda kwa meli au kuzunguka kwa barabara, na gharama zake hazifanani. Hilo ni la Usafiri, mistari miwili mipya ya njia, Ghala haihusiki. Kipimo changu ni hiki: kufungua duka kusihitaji mtu wa kuandika msimbo. Kijana akilazimika kuandika "kama duka ni Bukoba basi…" mahali popote nje ya moduli inayohusika, mpaka umevuja, na arudi akauzibe kabla Musoma haijafika.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wauzaji huutaja kwa haraka, nao una faida kubwa kwa mtu wa hali yako: mfumo wenye mipaka unakuruhusu kuchanganya ulichojenga na ulichonunua. Leja ya hesabu, mishahara, makato ya NSSF, hayo usijenge. Duniani kote yanafanana, na zipo programu kama Odoo na ERPNext ambazo matoleo yake ya chanzo huria unayapata bila kulipa leseni, ukalipia tu mtu wa kukufungia. Kila jioni Mauzo na Malipo zinapeleka jumla zao kwenye leja, basi. Lakini upimaji, gredi, kupungua kwa uzito, bei ya giza na ya mbalamwezi, na mkopo wa mteja wa Tabora ambaye hulipa akishauza, hivyo vishike mwenyewe. Ndivyo vinavyokupa faida kuliko jirani yako, na hakuna programu ya kununua itakayoviheshimu. Nimeona watu wakifanya kinyume, wananunua mfumo wa stoo uliotengenezewa duka la simu, halafu wanajenga leja kwa mikono. Stoo ya simu haijui kwamba bidhaa inaweza kupungua kilo ikiwa imelala.

Mfano wa kuunganisha kwa mlango mmoja unao mkononi kila siku. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulianza 2017, na ile kontroo namba unayopewa ukilipia kodi ya ardhi au ada ya chuo unailipia kwa benki yoyote au mtandao wowote wa simu. Chuo hakikuhitaji kuijua benki yako, wala benki haikuhitaji kujua chuo kinapangaje ada zake. Wamekubaliana namba tu na majibu yake. Benki mpya ikija leo inaunganishwa na mlango huo, na chuo hakipati hata taarifa.

Kuhusu namna ya kuhama, usikubali siku moja ya kuzima cha zamani na kuwasha kipya. Anza na Malipo, kwa sababu ni rahisi kuikata na maumivu yake ni ya kila siku. Mfumo wa zamani uendelee kuuza, ila malipo yote yapite kwenye moduli mpya. Kwa muda yaandikwe pande zote mbili, na kila jioni jumla zilinganishwe. Zikikubaliana mwezi mzima pamoja na kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, safu za zamani zinaachwa kuandikwa. Kisha Usafiri, ili ile ripoti ya faida itulie. Kisha Ghala, ambayo ni ngumu kwa kuwa inabidi mhesabu mzigo wote kwa mikono siku ya kuanzia. Siku hiyo iwekeni mbalamwezi, mzigo ukiwa mdogo. Ukimruhusu fundi achague tarehe mwenyewe atachagua katikati ya giza, utaniambia.

Yapo mambo ya mikataba ambayo hayahusu moduli, ila nisipoyasema nitakuwa nimekunyima. Msimbo uwe wako kwa maandishi, na akaunti ya seva na ya jina la tovuti zisajiliwe kwa jina la biashara yako, si la fundi. Nakala rudufu ijaribiwe kwa kurudishwa kweli, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ipo. Na kwa kuwa unatunza namba za simu na madeni ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu; anayekusanya taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za wateja zikikaa ndani ya moduli moja unaweza kusema nani anaziona. Zikiwa zimetapakaa kwenye kila ripoti iliyowahi kutumwa WhatsApp, huwezi.

Na ile kampuni? Waulize jambo moja tu la kuwapima: wakuonyeshe, kwa huduma zao kumi na mbili, nauli ya kivuko ingebadilishwa wapi, na ripoti ya mwezi uliopita ingesomeka vipi baada ya hapo. Wakikujibu kwa mchoro wa seva, hawajauelewa ugonjwa. Wakikujibu kwamba pangeguswa mahali pamoja na ripoti ya nyuma isingetikisika, wapo watu wa kuzungumza nao, na hata hivyo usiwape kazi yote. Wape Malipo peke yake, kwa mkataba mdogo wenye tarehe ya mwisho, wafanye pamoja na kijana wako ambaye ndiye anayejua kwa nini kila kitu kiliwekwa pale kilipo. Ikimalizika, jumla za jioni zikikubali na duka la Igoma likiwa halikufungwa hata siku moja, mtakaa kuzungumza habari ya Usafiri, kwa bei ya Usafiri.